Baekje ilianguka 475 ikainuka. Kwa nini 660 haikuinuka?

Fundi wa Birere (Goma)
Jamani, nashona nguo hapa Birere, na usiku nikifunga mashine nasoma historia ya Korea. Ufalme wa Baekje umenishika moyo. Mwaka 475 Goguryeo, ufalme wa kaskazini yao, iliteka mji wao mkuu Hanseong, pale Seoul ilipo leo, ikamuua mfalme Gaero. Wakashuka kusini, wakaanza upya Gongju, kisha 538 wakahamia Buyeo. Wakadumu miaka 185 mingine! Sisi mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika parseli (kiwanja) ya baba, tukajenga juu ya mawe yale yale. Kwa hiyo nawaelewa. Lakini 660, mbona ikawa basi?

Mwalimu wa historia (Bukavu)
Ndugu fundi, angalia jirani alikuwa nani. Mwaka 475 Munju, wa ukoo wa mfalme Gaero, alikimbilia Silla, ufalme jirani wa mashariki, akarudi na askari 10,000. Walichelewa, mji ulikuwa umeshaanguka, ila adui alikuwa ameondoka na Munju akatawala. Mwaka 551 mfalme Seong wa Baekje akashirikiana na Silla hiyo hiyo kulirudisha bonde la mto Han. Wakafaulu. Miaka miwili tu, Silla ikalichukua lote peke yake! Seong akaenda kulipiza, akauawa 554. Kwangu mimi Baekje ilikufa siku hiyo. Aliyeshika bonde la Han ameshika njia ya bahari kwenda China, na kwa njia hiyo Silla ikawapata Watang, watawala wa China, wawe upande wake. Mwaka 660 jenerali wao Su Dingfang akaja na merikebu, watu 130,000 kwa hesabu ya vitabu vya kale, na Kim Yusin wa Silla akapita nchi kavu na 50,000. Jenerali Gyebaek wa Baekje aliwangoja Silla Hwangsan na watu 5,000. Akawarudisha Silla nyuma mara nne. Ya tano akafa.

Mwanafunzi (Lubumbashi)
Mwalimu, kwa heshima, naongeza. Yaya fundi, waliinuka! Boksin na mtawa Dochim walikusanya watu, wakamwita mwana wa mfalme, Pung, kutoka Japani. Kisha Boksin akamuua Dochim, na Pung akamuua Boksin. Japani ilipoleta merikebu 663, zilichomwa 400 mtoni Baekgang. Hata jirani mwema angewafanyia nini watu waliokuwa wanamalizana wenyewe?

Fundi wa Birere (Goma)
Aksanti sana, Mwalimu, na wewe mdogo wangu. Hiyo ya Boksin imeniuma.
Niwaambie kilichonifikisha huku. Mwaka 1971 huko Gongju mafundi walikuwa wanachimba mfereji wa maji karibu na makaburi ya zamani, wakagonga matofali. Kumbe ni kaburi la mfalme Muryeong, aliyekufa 523, na mwizi hajawahi kuligusa. Mlangoni kuna mnyama wa jiwe mwenye pembe, na mbele yake mawe mawili yameandikwa, juu yake sarafu. Jiwe moja ni mkataba: mfalme anainunua ile ardhi ya kaburi kutoka kwa miungu ya ardhi, kwa sarafu 10,000. Mfalme mzima, na amelipa parseli! Baba alikimbia lava na karatasi za parseli ndani ya koti, sufuria akaziacha. Nilisoma habari ya jiwe lile nikamkumbuka. Je, bado lipo?

Mwalimu wa historia (Bukavu)
Lipo, kwenye makumbusho ya taifa hapo hapo Gongju. Na yule mnyama yupo.