Katuni ya mbwa Courage ilianzia wapi?

Swali: Habari zenu, ndugu zangu. Wanangu hutazama Courage the Cowardly Dog kila jioni, na mdogo wao hujifunika kanga usoni kila muziki unapobadilika, kisha huchungulia huku akicheka. Nimesikia kwamba mfululizo huo ulitokana na filamu fupi. Je, ni kweli?

Jibu: Ni kweli, dada. Filamu hiyo ni The Chicken from Outer Space ya John R. Dilworth, iliyoonyeshwa na Cartoon Network nchini Marekani mwaka 1996, ikateuliwa kuwania Tuzo ya Oscar ya filamu fupi ya katuni, ingawa tuzo ilikwenda kwa A Close Shave ya Nick Park. Mfululizo wenyewe ulianza mwaka 1999 na kumalizika mwaka 2002.

Jibu: Naomba kuongezea, kwa sababu filamu hii naipenda mno. Kuku mwenye macho mekundu anatua shambani kutoka anga za juu na kutaga mayai, na mzee Eustace, mwenye shamba hilo, anapokula yai anaanza kugeuka kuku. Mbwa ameyaona yote, lakini kwa kuwa hawezi kuwaeleza wanaomfuga kwa maneno, anahangaika kuwaonya kwa kujikunja na kujinyoosha mwili mzima. Hapo ndipo tunapocheka, na hapo hapo ndipo tunapoogopa, maana anayeijua hatari ni yeye peke yake.

Muuliza swali: Ahsanteni sana. Leo nitaitafuta, niitazame mwenyewe kwanza kabla ya kumwonyesha yule mdogo.