Naomba ushauri: mkataba unasema nimejiajiri, kazi inasema vingine

Wakuu, habari zenu. Nasambaza vifurushi kwa kampuni moja ya mtandaoni. Mkataba unaniita mtoa huduma aliyejiajiri, kwa hiyo hakuna likizo yenye malipo wala kima cha chini cha mshahara. Lakini bei wanapanga wao, na nikikataa kazi mara chache tu akaunti inafungiwa. Kujiajiri gani huko?

Nimesoma hukumu ya Mahakama ya Juu ya Uingereza ya Februari 2021 kuhusu madereva wa Uber. Majaji hawakuishia kwenye maneno ya mkataba, waliangalia nani hasa anadhibiti kazi. Madereva wakapata kima cha chini na likizo yenye malipo, na hata muda wa kusubiri abiria wakiwa wamewasha programu ukahesabiwa. Nikafurahi. Halafu nikakutana na ya Novemba 2023, mahakama hiyohiyo, kuhusu wasambazaji wa Deliveroo, kampuni ya kupeleka chakula kwa wateja. Hao walikwama kwenye suala la chama chao kujadiliana na kampuni, hasa kwa sababu waliruhusiwa kumtuma mtu mwingine badala yao.

Na mkataba wangu una kifungu hicho! Ila hakitekelezeki: programu inadai picha ya uso wangu kabla sijaanza.

Mnaojua sheria za kazi, kifungu cha kwenye karatasi tu kinaweza kuniangusha? Hukumu ya nchi nyingine ina uzito gani mbele ya hakimu? Na nihifadhi ushahidi gani mapema, maana wakinifungia sioni tena kumbukumbu zozote.