Soko la mashine za ukaguzi viwanjani: tuwekeze kwenye CT au tubaki na za kawaida?

MwanaKampemba

Jambo yenu bakubwa. Karakana yetu iko Kampemba, Lubumbashi. Tunatengeneza onduleri (vifaa vya betri vya kushika umeme ukikatika), mota na bodi za umeme za viwandani. Sasa tunataka kuingia kwenye mashine za ukaguzi za uwanja wa ndege: skana za mizigo, mageti ya kugundua chuma, vifaa vya kunusa vilipuzi. Kwa miaka mitano ijayo soko linaelekea wapi kwa mji kama wetu? Tupeleke fundi akasomee CT, zile skana zinazopiga begi kutoka pande zote, sasa hivi au bado? Na kuna mtu anatuuzia skana nne za mtumba kutoka Ulaya, tundu la kupitishia mizigo la sentimita 60 kwa 40, zimefanya kazi miaka 11. Bei yake ni ya chini mpaka inatia shaka. Ripoti za soko nilizoziona mtandaoni kila moja ina namba yake.

Ruashi_Tek

Namba hazilingani kwa sababu hazihesabu kitu kimoja. Ripoti moja inatia ndani skana za makontena ya bandarini, nyingine inahesabu mizigo ya abiria tu, ya tatu inaongeza mikataba ya matengenezo. Ukitaka kujua soko linakwenda wapi, fuata sheria. Hakuna uwanja unaonunua mashine hizi kwa kupenda.

Agosti 2006 njama ya kulipua ndege kwa vimiminika iligunduliwa Uingereza, ndipo kikaja kikomo cha mililita 100 kwa kila chupa ya kimiminika kwenye begi la mkononi. Kikomo hicho ndicho kilichozaa soko la CT kwa mizigo ya mkononi, maana CT inakata picha vipande vipande na kukadiria msongamano wa kila kitu ndani ya begi bila kulifungua. Machi 2023 TSA, wakala wa usalama wa usafiri wa Marekani, iliagiza CT za dola bilioni 1.3 kutoka Analogic, IDSS na Smiths Detection. Ulaya nayo ikayumba: tarehe 1 Septemba 2024 mililita 100 zilirudishwa hata kwenye viwanja vilivyokuwa vimeshanunua mashine za kiwango cha C3 (zile zinazoruhusu vimiminika kubaki ndani ya begi), na Julai 2025 Umoja wa Ulaya ukafungua tena mlango kwa mashine iliyothibitishwa upya. Mwezi huohuo Edinburgh na Birmingham nchini Uingereza wakaanza kuruhusu lita 2. Kwa hiyo wapo walionunua mapema wakakaa karibu mwaka mzima na mashine ya bei kubwa inayofanya kazi ya mashine ya zamani.

Sasa rudi Luano, uwanja wetu wa ndege. Kiambatisho 17 cha ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kinadai mizigo yote ya tumboni mwa ndege za kimataifa ikaguliwe tangu 1 Januari 2006, lakini hakilazimishi CT. Kiwango cha 3 (si kile cha C3), ambacho kwa vitendo kinadai CT kwa mizigo hiyo, ni kanuni ya Ulaya. Hakuna tarehe inayoisukuma RVA, mamlaka inayoendesha viwanja vya ndege nchini, kununua CT kesho asubuhi. Mashine yenyewe hukaribia au kuzidi tani moja, kwa hiyo kabla ya kununua unapima sakafu, na inakula umeme mara kadhaa ya skana ya kawaida.

Mimi nisingepeleka fundi CT mwaka huu. Mafunzo yake yako mikononi mwa watengenezaji, na bila mkataba nao hata nenosiri la kuingia upande wa fundi hupewi. Ningeangalia skana za kawaida za pande mbili, yaani zenye tyubu mbili za eksirei, moja inapiga kutoka chini na nyingine kutoka ubavuni. Na ghala za shehena watu wanazisahau: ICAO ilitaka shehena yote ya kimataifa, hata ya ndege zisizobeba abiria, iwe imekaguliwa au itoke kwenye mnyororo unaoaminika kuanzia 30 Juni 2021. Huko kunatakiwa tundu la mita 1 kwa 1 au zaidi. Halafu mageti ya migodi na mahoteli, ambako mnunuzi haulizi cheti cha Ulaya.

FundiKatuba

Ruashi amesema vizuri ila ameruka kuran, yaani umeme. Hapa kwetu nusu ya "ubovu wa skana" si skana.

Skana ya kawaida ya 60 kwa 40 inakula karibu kVA 1. Inavumilia volti 230 kupanda asilimia 10 na kushuka asilimia 15, yaani kati ya 195 na 253 hivi. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukitoka nje ya hapo, kompyuta inajizima katikati ya kuandika kwenye diski, na kesho yake mashine haiwaki. Weka onduleri ya kVA 3 ya aina inayogeuza umeme muda wote, si ile inayosubiri umeme ukatike ndipo iamke. Ndani yake kuna betri 6 au 8 za volti 12. Joto likizidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10, umri wa betri unakatika nusu, kwa hiyo ile inayofichwa chini ya meza ya mkanda, pasipo na hewa, haimalizi miaka miwili. Hapo ndipo nyinyi mna kazi tayari, bila kusomea kitu kipya.

Udongo nao. Kati ya Mei na Septemba ardhi yetu nyekundu inakauka na upinzani wa waya wa ardhi unapanda. Pima mwezi wa nane, si mwezi wa pili, na lenga ohm 5 au pungufu. Watu wanamwaga chumvi na makala (mkaa) kwenye shimo la fimbo ya ardhi. Makala sawa, chumvi inakula fimbo. Mvua za Novemba zikija na radi, uwanja wenye ardhi mbovu unapoteza bodi za vitambuzi vinavyopokea eksirei, na hizo ndizo ghali.

Vumbi linaua vitu viwili. Kwanza feni: zikiziba, jenereta ya eksirei inapata joto na mashine inajizima kila baada ya dakika 20 au 30. Mtu anaagiza jenereta mpya kumbe ilitakiwa brashi na hewa ya kompresa. Pili macho ya mwanga mlangoni mwa tundu. Yakichafuka, mashine haijui begi limeingia, kwa hiyo eksirei haiwaki na skrini inabaki nyeupe wakati mkanda unatembea. Kitambaa kikavu, kila asubuhi, basi.

Kuna kosa moja ambalo nalitaja kwa sababu linapoteza pesa bure. Mashine ikiwaka inajipima ikiwa tundu tupu. Kipande cha plastiki cha lebo ya begi kikibaki juu ya mkanda wakati huo, utaona mstari mmoja kwenye kila picha siku nzima, sambamba na mwendo wa mkanda. Unafanana kabisa na kitambuzi kilichokufa. Kabla ya kuagiza bodi, toa kila kitu, zima, washa upya. Mstari ukibaki palepale, hapo ndipo bodi.

Stoku ya kuanzia kwa skana mbili: mapazia ya madini ya risasi ya kuzuia eksirei seti 2 (yanachanika, na watu wanayakata ili mabegi yapite haraka, jambo baya sana), macho ya mwanga 4, feni 4, rola ya mota 1, diski 1 iliyonakiliwa kutoka mashine ikiwa nzima, fyuzi, vitufe vya dharura 2. Jenereta usiweke stoo. Ukishabadilisha pazia, pima mnururisho sentimita 10 kutoka ukuta wa mashine. Usizidi mikrosiveti 1 kwa saa.

MamaSkrini

Bakubwa mnaongea chuma tu. Mashine haikamati kitu, anayekamata ni mtu aliyeketi mbele ya skrini, na mafunzo yake ni soko pia.

Rangi ya machungwa ni vitu vya asili ya uhai pamoja na plastiki na vilipuzi vingi, kijani ni mchanganyiko na metali nyepesi, bluu ni metali. Kozi zinazoletwa kutoka nje zinaonyesha mabegi ya Ulaya. Hapa begi lina samaki mukavu, unga, asali, siagi ya karanga, vyote machungwa mazito, vimebanwa pamoja. Na malakiti! Sanamu ya malakiti yenye unene wa ngumi inatoka bluu nzito karibu nyeusi, kwa sababu ni jiwe lenye shaba. Sampuli za mawe ya mgodini vilevile. Kilicho nyuma yake hukioni. Ukiwa na mashine ya upande mmoja, geuza begi digrii 90 ulipitishe tena. Bado giza? Lifungue. Anayeuza mafunzo yenye picha za mabegi yetu halisi hatakosa wateja.

Kanuni za Ulaya zinataka mtu asikodolee skrini zaidi ya dakika 20 mfululizo. Kwa hiyo mkanda mmoja unahitaji watu kadhaa wa kupokezana. Wengi wanaponunua mashine wanahesabu mmoja.

MwanaKampemba

Asanteni sana, mama na ndugu. Tumeanza kuacha CT. Zile nne za mtumba je? Na vya kunusa vilipuzi?

FundiKatuba

Vya kunusa: faida iko kwenye vitu vinavyokwisha, karatasi za kufutia, dawa ya kupimia, vichujio vya unyevu. Vina tarehe ya mwisho, usijaze stoo. Baadhi ya modeli zina nikeli-63 ndani, ambayo ni chanzo cha mnururisho. Pata ruhusa ya CNPRI, kamati ya taifa ya kinga dhidi ya mnururisho, kabla kifaa hakijafika duane (forodha), vinginevyo kitakaa huko. Skana pia inahitaji ruhusa hiyo.

Kuhusu nne hizo, za upande mmoja zenye miaka 11 usizipeleke kwenye zabuni ya uwanja. Mgodi au hoteli, sawa. Muulize muuzaji: saa za tyubu ni ngapi (menyu ya fundi inaonyesha)? Ufunguo wa leseni na nenosiri la fundi vinakuja pamoja na mashine? Mtengenezaji bado anauza bodi za vitambuzi za modeli hiyo? Akisita kwenye swali la pili, acha. Mashine isiyo na nenosiri huwezi hata kuisawazisha baada ya kubadilisha bodi.

Mkikubaliana, chukueni zote za modeli moja, tatu za kuuza na moja ya kufungua vipuri. Na kama zimelala stoo miezi mingi, msizipige kilovolti kamili siku ya kwanza. Zina utaratibu wa kupasha tyubu polepole, hatua kwa hatua, na ukiruka tyubu inapiga cheche ndani. Dakika za kusubiri ziko kwenye kitabu cha modeli. Kitabu hicho nacho kiombwe kabla ya pesa kutoka.