Wauzaji wa "mbwa wa kikombe" Mwanza, acheni kutuuzia watoto wanaonyonya!

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Kila siku matangazo ni yale yale: Yorkshire Terrier (Yorkie) "saizi ya kikombe", miezi mitatu, chanjo zote, unaletewa mpaka stendi ya Nyegezi. Aina ya mbwa inayoitwa ya kikombe haipo duniani. Yorkie aliyekomaa ana kilo 3 hivi, basi. Huyo anayeenea kiganjani mara nyingi ni mtoto wa wiki tano, kanyang'anywa ziwa mapema ili aonekane kadogo na bei ipande.

Kabla hujatuma hela, mfungue mdomo. Mtoto wa wiki nane kwa kawaida ana meno ya utoto yote 28. Ukikuta vimeno vya mbele na chonge tu, magego hakuna, huyo miezi mitatu hajafika hata muuzaji ale yamini. Angalia na manyoya: Yorkie huzaliwa mweusi mwenye mabaka ya kahawia, ile rangi ya chuma inakuja taratibu anavyokua. Ukiuziwa "wa wiki nane" mwenye mgongo wa kijivu tayari, jiulize ni chotara wa nini.

Kinachowamaliza wengi ni sukari kushuka. Mwili hauna akiba, ini ni dogo, mafuta hakuna. Halafu mtu anamfungia kwenye boksi la sabuni, basi la Dar, usiku kucha hajala! Akifika anayumba kama kalewa, ufizi umepauka, anatetemeka, mwisho degedege. Muuzaji anakwambia "ni baridi ya ziwa". Baridi gani? Mpake asali kwenye ufizi, nusu kijiko cha chai, kwa kidole. Usimmiminie kooni, itaingia mapafuni. Akizinduka mpe chakula, mfunike, na siku hiyo hiyo aonwe na daktari wa mifugo. Baada ya hapo ni milo minne kwa siku, wa mwisho ukikaribia kulala.

Na mlo usiwe ugali na maji ya dagaa. Tumbo lake ukilijaza ugali, nyama haina pa kuingia. Yai la kuchemsha, kuku asiye na mfupa, wali kidogo. Dagaa wetu wanaoanikwa chini wana mchanga: loweka, suuza mara tatu, chemsha bila chumvi, saga. Miiba ya sato usithubutu.

Sasa hili la kupe ndilo linaniudhi kuliko yote. Wauzaji wanashauri "mwogeshe na dawa ya ng'ombe, kifuniko kimoja kwenye beseni". Kifuniko cha chupa ipi? Beseni la lita ngapi? Dawa nyingi za josho zina amitrazi, sumu ya kuua kupe, na mtoto chini ya miezi minne hatakiwi kuguswa nayo. Ikimzidi analala fofofo, mapigo ya moyo yanashuka, mwili unapoa, anatapika. Hapo asali haisaidii, maana amitrazi inapandisha sukari. Msuuze kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kimbia kwa daktari, beba na chupa. Kwa mdogo hivyo kupe wanatolewa kwa kibano, mmoja mmoja, ukipekua masikioni na katikati ya vidole.

"Chanjo zote" kwa mtoto wa wiki sita ni uongo mtupu. Inaanza wiki ya 6 hadi 8, inarudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka wiki ya 16; ya kichaa cha mbwa ni kuanzia miezi mitatu. Kadi isiyo na stika ya chupa ya chanjo, tarehe na sahihi ni karatasi ya kufungia maandazi.

Mkanda uwe wa kifuani, wa shingoni unabana bomba la hewa ambalo kwao ni dhaifu. Asiruke kutoka kwenye kochi wala kwenye mawe, mifupa ya miguu ya mbele inavunjika kirahisi na kuunga ni shida. Wa Bugando na Igogo mnaoishi juu ya majabali mnanielewa. Na asiachwe uani peke yake, mwewe anamwona kama kifaranga.

Wauzaji, tangazo liwe na vitu vinne: tarehe ya kuzaliwa, uzito wa leo akiwa juu ya mizani, video ya mama akinyonyesha, na picha ya mdomo ukiwa wazi. Asiyetaka kuipiga hiyo ya mdomo aje hapa aseme kwa nini.