Walisema Brexit itashusha bei za nyumba, nikasubiri. Nipeni pole au nitukaneni

Wakuu leo nina hasira mnivumilie. Nipo Northampton huu mwaka wa kumi na mbili, naendesha folklifti, na kuna watu wawili siwasamehi, waziri wa fedha wa 2016 na mimi mwenyewe.

Mei 2016, mwezi mmoja kabla ya kura, George Osborne na Hazina yake wakatoka na makaratasi yao kwamba Uingereza ikijitoa Umoja wa Ulaya, ndani ya miaka miwili nyumba zitakuwa chini kwa asilimia 10 mpaka 18 kuliko ambavyo zingekuwa, na watu kama laki tano watakosa kazi. Wenye nyumba matumbo moto, mimi nachekelea! Dipoziti ninayo, kuna kanyumba ka vyumba viwili nimeshakaona mara mbili, pauni 165,000, jiko dogo ila nyuma kuna kauwanja ka kupanda mchicha. Nikamwambia dalali ngoja kura ipite. Tarehe 23 Juni ikapita, 52 kwa 48, wanatoka. Nikasema haya, zishuke.

Zishuke wapi! Kilichoshuka ni pauni, usiku uleule toka dola 1.50 mpaka chini ya 1.33, ile mia ninayomtumia mama Tanga ikawa inafika imekonda. Agosti Benki Kuu yao ikakata riba mpaka asilimia 0.25 uchumi usianguke, wenye akili wakakopa wakanunua, mimi bado nasubiri asilimia 18 zangu. 2020 korona, serikali ikasamehe kodi ya kununua nyumba kwa pauni laki tano za kwanza, watu wakagombania nyumba kama sukari ya foleni. 2022 nyumba kama ileile, mtaa uleule, 235,000.

Sasa njooni kwenye kazi. Ghala letu lilikuwa linapeleka mzigo Ireland na Ufaransa, jioni tunapakia kesho upo kwa mteja. Januari 2021, Brexit ilipoanza kufanya kazi mipakani, zikaanza fomu za forodha, vyeti vya bidhaa imetengenezwa wapi, ukikosea namba moja lori linalala bandarini. Kuna siku trela zima limerudishwa kwa sababu paleti za mbao hazina muhuri kwamba zimepitishwa kwenye moto kuua wadudu. Paleti jamani! Mzigo hauna kosa lolote, tumeshusha wote kwa mikono yetu tukapanga upya kwenye paleti zenye muhuri, na wiki moja nyuma zilezile zilikuwa zinapita. Mwisho kampuni ikafungua stoo Uholanzi, zamu ya usiku ikafutwa nami nikiwemo. Wale laki tano wa Osborne hawakupatikana nchi nzima ila mimi nilipatikana. Mwaka huohuo madereva wa malori hawapatikani, Septemba tunapanga foleni ya petroli, mishahara yao inapanda, mimi leseni ya lori sina. Nikaangukia kazi ya ejensi, leo ipo kesho meseji usije.

Najua mtakuja na korona na vita ya Ukraine na yule mama Liz Truss, waziri mkuu wa wakati ule, na bajeti yake ya Septemba 2022 iliyorusha riba za mogeji, yaani mkopo wa nyumba, mpaka kupita asilimia 6, sikatai, yote yamo. Lakini 2016 ningelipa mkopo kama pauni 670 kwa mwezi, 2023 nimepigiwa hesabu ikaja 1,300 na zaidi, kwa mtu wa ejensi, nikafunga faili nikaondoka.

Na kinachonichoma zaidi ni hiki. Kura ile sisi wa Jumuiya ya Madola tunaoishi huku tuliruhusiwa kupiga, hata kwa pasipoti ya Tanzania. Kuna kaka yetu mmoja hapa alipiga kutoka, kila harusi anahubiri Wapolandi wakiondoka kazi zitabaki kwetu. Yeye nyumba alishanunua 2014. Mimi ndio napanga chumba chake cha juu. Wiki iliyopita kaniongezea pauni 75, namuuliza vipi kaka, ananijibu riba zimepanda mdogo wangu, si unajua tena mambo ya Brexit.