Mke wangu ameambiwa aende nami kliniki. Je, majibu yake hayatutoshi sote wawili?

Utingo wa Makambako: Wakuu, naomba ushauri wenu. Mke wangu ana ujauzito wa miezi mitano. Alipoanza kliniki alipimwa akakutwa hana maambukizi ya VVU. Sasa muuguzi amemsisitizia kwamba hudhurio lijalo aende na mwenza wake, nami kila wiki niko barabarani kuelekea Tunduma. Kwa kuwa tunaishi pamoja na yeye yuko salama, je, bado kuna ulazima wa mimi kupima?

Mama Kulwa: Mwanangu, mimba ni ya watu wawili. Mume wangu alinisindikiza mimba zote tatu, na siku tulipofika pamoja tulihudumiwa kabla ya wengine. Vijana wa sasa mna muda wa kuangalia mpira dakika tisini, ila wa kukaa kwenye benchi la kliniki hamna.

Mzee wa Baraza: Mimi nilipima mwaka 2007, baada ya Rais Kikwete na Mama Salma kupima hadharani, nikakutwa ninao. Wakati ule hukupewa dawa mpaka kinga ya mwili ishuke sana, kwa hiyo nilirudishwa nyumbani ningoje kuumwa, na hayo ndiyo yaliyonitesa kuliko majibu yenyewe. Tangu mwaka 2016 anayekutwa na VVU huanzishiwa dawa bila kungoja kinga ishuke. Leo nameza kidonge kimoja kwa siku, virusi havionekani kwenye kipimo, na mke wangu hajaambukizwa.

Nesi Mstaafu: Utingo, nitajibu ulichouliza. Majibu ya mke wako yanaeleza hali yake tu, tena ya siku aliyopimwa. Wapo wenza wengi ambao mmoja anao na mwingine hana, na ndiyo maana mjamzito hurudiwa kupimwa baadaye katika ujauzito na wakati wa kunyonyesha. Lakini naona woga katika swali lako ambao hautokani na ratiba ya lori. Je, wewe umewahi kupima?

Utingo wa Makambako: Shikamoo mama. Ukweli ni kwamba mwezi Novemba nilijipima kwa kile kipimo cha mate, ikatokea mistari miwili. Sikumwambia mtu. Hata hivyo, nimekwisha kulipanga jambo hili: mke wangu atakwenda kwao Iringa kujifungua, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza, nami nitabaki na safari zangu mpaka nipate nguvu ya kusema. Naamini kwa njia hiyo nitakuwa nimemkinga.

Nesi Mstaafu: Marahaba. Tangu Novemba hadi leo mmekutana kimwili bila kinga?

Utingo wa Makambako: Mara chache. Ningeanzaje kutumia kondomu ghafla bila kuulizwa sababu?

Mdadisi: Wakuu, tusichezewe. Mtu huyu ameanza kwa kuuliza kama kuna ulazima wa kupima, na kumbe alikwisha kupima miezi kadhaa nyuma. Nimeshaona nyuzi za namna hii: kesho atatokea mwingine na namba ya simu ya mganga mwenye dawa ya mizizi. Nasema hadithi hii imetungwa.

Mama Kulwa: Hata mimi nimeanza kutia shaka. Mwanamume gani aache mimba ya mkewe hatarini hivyo?

Utingo wa Makambako: Sina mganga na sina namba ya kutoa. Nilijipima ndani ya lori, dereva akiwa amekwenda kula. Nilipitisha kile kijiti kwenye fizi za juu na za chini, nikakitumbukiza kwenye kichupa cha maji yake, nikakisimamisha ndani ya kikombe cha chai ili kisimwagike. Karatasi ilisema nisubiri dakika ishirini. Mstari wa pili ulikuwa hafifu, nikawasha tochi ya simu kuhakikisha, kisha nikavichoma vyote nyuma ya gereji. Anayetunga asingejisumbua na kikombe.

Nesi Mstaafu: Iwe kweli au si kweli, wapo wengi wanaosoma hapa wenye jambo kama hili, kwa hiyo nitaandika. Kipimo cha kujipima hakitoi jibu la mwisho. Hata mstari hafifu lazima uthibitishwe kituoni kwa vipimo vingine, na huenda miezi hii yote unalia na jibu ambalo hujalipata. Likithibitishwa, utaanza dawa mapema. Mpango wa Iringa unaficha hatari bila kuiondoa, kwa sababu mwanamke anayeambukizwa akiwa mjamzito huwa na virusi vingi mno mwilini, na mtoto ndiye hubeba uzito huo. Bila tiba, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa na mama zao. Tiba ikifuatwa vizuri hushuka chini ya 5. Mke wako anahitaji kupimwa tena sasa, na akiwa bado salama, kuna dawa kinga anayoweza kumeza hata akiwa mjamzito. Hawezi kupewa asipojua. Sheria ya mwaka 2008 nayo inamtaka aliyethibitishwa amweleze mwenza wake mara moja, na ukishindwa peke yako, mshauri wa kituoni atakaa nanyi wawili.

Utingo wa Makambako: Mama, nimesoma mara tatu. Jumatatu gari linaingia matengenezo. Nitakwenda kuthibitisha kwanza, halafu nitaomba mshauri awepo nitakapomwambia. Mpaka hapo nitalala kwa kaka yangu.

Mdadisi: Bado nina mashaka na simulizi yako. Ila niambie, hicho kipimo cha mate ulikipata wapi bila kuulizwa maswali?

Utingo wa Makambako: Nilipewa na mhudumu wa afya ya jamii aliyepita pale malori yanapolala, ulizia pia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Usipige mswaki wala kula kabla ya kujipima, na uisome karatasi yote kabla hujafungua pakiti.