Majirani Wenye Bustani 🌱

Jumatatu

06:48 Mama Zuhura: Habari za asubuhi majirani. Bi Saumu katoka chumba cha upasuaji salama, mguu umewekwa vyuma. Binti yake anasema atakaa huko kwa muda. Sasa tuje kwenye bustani. Nyanya zake ndiyo kwanza zinatoa maua na jua hili mnaliona. Naomba tupange zamu, kila mtu siku yake. Leo naenda mimi. Jumanne nani?

06:55 Mama Zuhura: Jumanne?

07:30 Baba Kulwa: Tunamshukuru Mungu. Ugua pole kwake.

07:31 Fundi Idi: Ugua pole Bi Saumu 🙏🙏

07:32 Mama Zuhura: Pole nitazifikisha. Jumanne nani?

08:14 Tausi: *[Imesambazwa mara nyingi]* USITUPE MAGANDA YA MAYAI!!! Soma hadi mwisho uone maajabu...

08:15 Mama Zuhura: Tausi mwanangu, maganda baadaye. Jumanne unaweza?

09:40 Baba Kulwa: Lazima iwe kila siku? Mimi naweza kwenda mara moja kwa wiki nikazimwagia za kutosha kabisa.

09:44 Mama Zuhura: Hapana Baba Kulwa. Nyanya ukiiacha ikauke kisha ukaigharikisha, matunda yanaoza kitako na yaliyobaki yanapasuka. Inataka maji ya kulingana. Na yaende shinani, msiloweshe majani, mtaleta ukungu. Asubuhi kabla jua halijakaza.

09:46 Fundi Idi: Kumbe! Mimi huwa nanyunyiza kwa juu hadi zinang'aa

09:46 Mama Zuhura: Ndiyo maana zako zilikuwa na madoa meusi

09:47 Fundi Idi: 😂😂 nimeumbuliwa asubuhi asubuhi

09:50 Mama Zuhura: Na wewe Fundi kabla hujagusa nyanya za watu nawa mikono kwa sabuni. Tumbaku ya sigara inaweza kubeba ugonjwa ule wa majani kujikunja na kuwa mabakamabaka.

09:52 Tausi: Fundi kafungiwa mechi tatu 😂

09:52 Fundi Idi: Nakata rufaa

09:58 Baba Kulwa: Mimi nitapeleka mbolea. Kuku wangu wametoa ya kutosha, bado ina moto.

10:01 Mama Zuhura: Hiyo hiyo "bado ina moto" ndiyo itaunguza mizizi. Ya kuku iache iive kwanza, miezi kadhaa. Tunataka maji, Baba Kulwa. MAJI.

10:20 Mama Kheri: Na hayo maji mtabeba kwa ndoo kutoka bombani hadi kule nyuma? Maana mpira wangu mimi sitoi. Mwenye masikio anajua kwa nini.

10:22 Baba Kulwa: Yameanza.

10:23 Mama Kheri: Yalianza siku uliponirudishia mpira umezibwa kwa kipande cha kandambili na waya, ukaniambia ulikuja nao hivyo hivyo.

10:25 Baba Kulwa: Na mpapai je? Uliota wenyewe ukajikata wenyewe?

10:25 Fundi Idi: MPAPAI TENA 😂😂😂

10:26 Tausi: Naweka maji ya chai nije nisome vizuri

10:27 Mama Zuhura: Jamani Jumanne.

10:31 Mama Kheri: *Ujumbe huu umefutwa*

10:32 Tausi: Nimeuona 👀

10:33 Fundi Idi: Mnajua kuwa Bi Saumu yumo humu humu na simu anayo kitandani?

10:52 Mama Zuhura: Kimya sasa. Vizuri. Mimi nimetoka huko, nimezimwagia. Machipukizi ya kwapani nimeyatoa machache, na ile ya mwisho ukutani nimeiegemeza kwenye kijiti maana ilikuwa imelala chini kabisa. Chini ya majani ya bilinganya kuna inzi weupe, ukitikisa wanaruka. Nani ana mwarobaini?

11:30 Tausi: Sisi tunao. Majani mabichi au makavu?

11:34 Mama Zuhura: Mabichi. Yatwange, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni ya kipande kidogo tu. Tunanyunyiza jioni, na hasa kwa chini ya jani, ndiko wanakokaa. Ahsante mwanangu. Na Jumanne?

11:35 Tausi: Nitaleta mwarobaini 😁

13:17 Mzee Mbaruku: Hamjambo. Naandika mimi mjukuu, Babu anasema niandike kama alivyosema.

13:19 Mzee Mbaruku: "Nimesomewa yote. Mwaka niliofiwa na mke wangu sikutoka ndani. Bustani yake ilikuwa nyuma, na mimi sikuwa na habari nayo. Saumu alikuwa anapitia mlango wa uani na ndoo, anamwagilia, anaondoka. Hakubisha hodi hata siku moja, ili nisilazimike kutoka nje nikamshukuru. Nilijua kwa sababu udongo ulikuwa umelowa. Hakuuliza zamu ya nani. Hakuuliza mpira wa nani."

13:20 Mzee Mbaruku: Amesema basi, ni hayo tu. Amekwenda kulala.

13:58 Mama Zuhura: Shikamoo Babu. Tumekusikia.

14:03 Fundi Idi: Shikamoo Babu. Jumanne niandikeni mimi. Nitanawa.

14:10 Tausi: Shikamoo Babu. Jumatano mimi. Ile miche ya hoho aliniwekea getini, kaifunga gazeti lililolowa na jiwe juu lisipeperuke, sikuwahi hata kumuuliza kama ni yeye

14:12 Fundi Idi: Kumbe na wewe? Mimi yangu nilidhani ni ya mama mkwe 😅

14:40 Baba Kulwa: Alhamisi na Ijumaa niwekeni mimi. Nitabeba kwa ndoo.

15:26 Mama Kheri: Usibebe ndoo na mgongo wako huo. Mpira nitautundika kwenye uzio. Lakini mambo ya mpapai siku moja tutayaongea, hayajaisha.

15:27 Baba Kulwa: Hayajaisha.

15:28 Mama Zuhura: Haya:
Jumanne Fundi Idi
Jumatano Tausi
Alhamisi Baba Kulwa
Ijumaa Baba Kulwa
Jumamosi ______
Jumapili ______
Mama Kheri, mpira utoke kabla ya kesho asubuhi. Jumamosi nani?

17:45 Mama Zuhura: Jumamosi?

19:02 Jirani Geti la Bluu: Hamjambo wote. Mimi mgeni, tumehamia juzijuzi, Bi Saumu ndiye aliyeniingiza humu. Jumamosi naweza ila jioni, asubuhi nakuwa kazini. Na nyanya sijawahi kushika.

19:04 Mama Zuhura: Karibu sana jirani. Jioni si mbaya, mradi usiloweshe majani yakalala na maji. Mwaga shinani polepole, subiri yanywe, ongeza. Yale matandazo ya majani makavu usiyaondoe.

19:05 Jirani Geti la Bluu: Sawa. Matandazo ni yale yanayoonekana kama takataka?

19:05 Fundi Idi: 😂😂😂 Jumamosi naenda naye

19:06 Mama Zuhura: Tafadhali nenda naye.

19:30 Tausi: Swali. Ufunguo wa geti la nyuma anao nani?

19:31 Mama Zuhura: Mimi leo nimepitia kwa Mama Kheri, kwenye ule uwazi wa uzio.

19:33 Baba Kulwa: Uwazi upi? Pale palipokuwa na mpapai?

19:41 Mama Zuhura: Nampigia binti yake kuhusu ufunguo. Jumapili bado haina mtu.